Siku za Mfupa Kushika Chuma

Ti. Ti-ti. Kimya kidogo. Kisha tena: ti.

Sauti ilikuwa ndogo, ya chuma kwa chuma, na Glodie aliisikia akiwa amepiga magoti mbele ya mbabula, akipulizia makaa gizani ili achemshe maji ya chai. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni, na saa kumi na moja hiyo ya alfajiri nyumba nzima ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Alidhani ni panya kwenye vifuniko. Lakini panya hagongi, akatulia, akasikiliza, ndipo agonge tena. Huyu aliyekuwa anagonga alikuwa anangoja jibu.

Akachukua simu, akawasha tochi, akasukuma pazia la chumba cha baba yake.

Papa Zéphirin alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kinywa wazi, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio. Mkononi alishika kijiko cha chai, amekigeuza. Kwa mpini wake alikuwa anajigonga mdomoni, mbele kabisa, pale pasipo na meno.

"Papa! Ni nini hii unafanya?"

Mzee akafunga kinywa upesi na kukichomeka kijiko chini ya blanketi, kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari.

"Hakuna kitu."

"Minasikia chuma."

Mzee akanyamaza. Na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua zaidi siku hizi.

Haikuwa hivyo zamani. Miaka ishirini na mitano Papa Zéphirin Kitenge alikuwa boiseur, mtu wa kusimamisha miti ndani ya mashimo upande wa Kambove ili mlima usiwaangukie wachimbaji, na jioni akirudi Likasi alikuwa na maneno ya kutosha avenue nzima. Majirani walimwita Redio. Angeweza kukusimulia jinsi alivyonunua shati, nawe ukasahau chakula motoni. Mpaka siku ile mpini wa winchi ya kuvutia magunia ya mawe ulipochomoka na kumpiga mdomoni. Meno mawili ya juu, la mbele na jirani yake, yalibaki Kambove kwenye vumbi. Tangu hapo kila neno lenye s au f lilitoka na upepo, watu wakacheka, wala si kwa ubaya, naye akaanza kupunguza. Aliacha hadithi kwanza, akaacha na salamu ndefu. Mwisho alibaki na kichwa cha kukubali na kukataa, na kiganja mbele ya mdomo. Shekina, binti wa Glodie, alikuwa na miaka mitano na hakukumbuka babu mwingine. Kwake yeye, Nkambo, kama alivyomwita babu, alikuwa mtu wa kuambiwa mambo. Alimwambia yote, asubuhi hadi jioni, na Nkambo aliitikia kwa kichwa.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliuza pikipiki yake, akaenda kwa Docteur Élise, mganga wa meno aliyetoka Lubumbashi kila Jumamosi ya pili, akamwonyesha pengo kwa kidole. Docteur akatoboa mfupa wa taya ya juu mara mbili, akakaza humo vis mbili, skrubu za titani, ndogo kuliko msumari wa kiatu, na juu ya kila moja akaweka kifuniko cha chuma kilichochungulia kwenye ufizi kama punje ya mtama. Meno yenyewe yangekuja baadaye. Kwanza miezi minne, ili mfupa uote na kuzikumbatia vis.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kifaransa, na Glodie ndiye aliyemsomea kwa Kiswahili. Alikuwa anasoma shule ya jioni, akimalizia humanités, masomo ya sekondari aliyoyaacha alipopata mimba, na katika masomo yote hakuna lililomkamata kama biolojia. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba mfupa si jiwe. Mfupa ni kitu hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Glodie aliyawaza hayo akikanda unga, akimsuka Shekina nywele. Mwiba ukiingia kidoleni mwili unautoa kwa usaha. Sasa chuma hiki mwili unakipokeaje? Nani anaenda kuuambia mfupa kwamba mgeni huyu ni wa nyumbani?

Na sasa hivi mwenye mfupa alikuwa anaupigia hodi kwa kijiko.

Akaketi kando yake kitandani. "Papa, tangu siku gani unajigonga?"

Mzee akainua vidole viwili.

"Siku mbili?"

"Juma ya pili," akasema, kiganja mdomoni. "Tangu juma ya pili."

"Na leo ni juma ya tisa! Papa, Docteur alisema nini? Usiguse! Hata na ulimi! Ni minye mwenyewe nilikusomea."

"Glodie." Akashusha mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliongea maneno mengi kwa mpigo mmoja, upepo na yote. "Weye unasoma ku karatasi. Minye nilisoma mu shimo. Kila asubuhi, mbele bantu bashuke, minagonga muti. Yenye inashika mulima, inaitika: ta! Yenye haishike, inasema: bu. Ukisikia bu, hakuna muntu anapita pale. Njo vile tunafanyaka. Muti yenye hauyagonga, unaweza aje kulala chini yake?"

"Sasa hii yako inasema nini?"

Mzee akatazama magoti yake.

"Moja inasema ta."

"Na ingine?"

Mzee akazidi kukisukuma kijiko chini ya blanketi. Jikoni maji yalianza kulia kwenye sufuria.

Glodie alitaka kugomba, lakini udadisi ukamshinda. Ndivyo alivyokuwa. Hata shuleni, wenzake wakikimbilia kufunga daftari, yeye mkono wake ungali juu.

"Papa, nielezeye kitu moja. Ile siku unasimamisha muti mupya. Leo leo. Unaigonga mara ngapi?"

"Muti mupya? Hapana, ile haigongwake."

"Juu ya sababu gani?"

"Juu mulima haiyakaa juu yake." Alionyesha kwa mikono, kiganja kimoja kikishuka polepole juu ya ngumi. "Unaweka muti, unakaza na kabari, unaacha. Siku tatu, ine. Mulima inashuka pole pole, inakalia muti, inazoea. Kisha njo unagonga. Ukigonga mbele, kabari inaruka, muti inacheza, na…"

Kiganja kikabaki hewani.

Glodie alimwona baba yake akikitazama kiganja chake kama hati iliyoandikwa na mtu mwingine. Miaka ishirini na mitano hakuwahi kumruhusu hata mchimbaji mmoja aguse mti mpya. Kijana akikaribia na nyundo alikuwa anamfukuza kwa kumtukania mama yake.

"Aa, Zéphirin," akajiambia mwenyewe, taratibu. "Aa, Zéphirin mujinga."

Jumamosi iliyofuata wakaenda kliniki wote watatu, kwa miguu, Shekina katikati akiongea. Kwenye kona Mama Orpha, jirani aliyeuza samaki wa mto Lufira, alikuwa anapanga mafungu yake juu ya gunia.

"Papa Redio! Banasema uko na vyuma mu kichwa sasa. Musimu ya mvula usipite kwangu, eh! Radi itakufuata, ichome na samaki yangu!"

"Mama Orpha, ni titani, haiite radi," Glodie akajibu kwa niaba yake.

"Weye mwanafunzi, nani alienda kuuliza radi?"

Wakacheka, na mzee naye macho yake yakacheka, lakini mkono haukutoka mdomoni. Glodie alijua kilichokuwa chini ya mkono. Si aibu tu leo. Kwa siku nne hizo hakugonga, hakugusa, na alikuwa amekonda kama mtu anayesubiri hukumu.

Docteur Élise alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alisikiliza habari ya kijiko bila kumkatiza Glodie. Wala hakukasirika. Alimlaza mzee kwenye kiti, akachukua kioo chake kidogo chenye mpini wa chuma, akakigeuza. Halafu, Glodie akakodoa macho asiamini, akagonga.

Ta.

Akahamia kifuniko cha pili.

Bu.

Ilikuwa wazi hata kwa Shekina, aliyeacha kuchezea mkanda wa kiti. Mzee akafumba macho. Hakuhitaji kuambiwa.

"Kumbe na badocteur banagonga," Glodie akasema, hajui kama ni swali.

"Tunagongaka, ndiyo," docteur akasema. "Mais ku mwisho, na mara moja. Papa alifanya kazi yangu mbele ya siku yake." Akashika kifuniko cha pili kwa kibano na kukitikisa kidogo tu. Kilicheza kama jino la mtoto. "Hii haikushika. Inapashwa kutoka."

"Ni juu ya kijiko?" mzee akauliza, kinywa kikiwa wazi bado.

Docteur akafikiri. Glodie alimpenda kwa huko kufikiri.

"Sijue, Papa. Sitakudanganya. Pengine ni kijiko. Pengine mfupa ya pale ilikuwa tayari nyembamba, na hata bila kijiko haingeshika. Vis ingine inakatala tu, na hakuna muntu anajua juu ya nini."

Akaichomoa. Haikuchukua hata dakika, aliizungusha kwa vidole viwili na ikaja, safi, yenye kumetameta, bila chembe ya mfupa kwenye mizunguko yake. Hilo ndilo lililomshtua Glodie. Wiki tisa ndani ya mtu, na imetoka kama iliyoingia jana.

Mzee akaketi. Akafuta mdomo kwa kitambaa, kisha akasema, upepo na yote, lakini wazi: "Toa na ile ingine. Tumalize."

"Papa!"

"Nilikuwa mukubwa ya kazi, Glodie. Nimefanya ile yenye nilikuwa nafukuzia batoto ya bantu. Toa, Docteur. Nilizoea kunyamaza."

Shekina alikuwa anatazama toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Glodie akamkumbuka yule baba wa zamani akiingia uani na vumbi jekundu hadi kwenye kope, ameanza sentensi tangu barabarani. Huyo ndiye aliyekuwa anaomba kutolewa.

"Papa, ile ya kwanza ilisema nini?" akauliza. "Docteur aligonga mbele yetu. Ilisema nini?"

Mzee akaendelea kufuta mdomo.

"Nkambo, ilisema ta," Shekina akamsaidia.

"Muntu anatoaka muti yenye inasema ta?" Glodie akauliza.

Nje pikipiki zilipita.

"Hapana," mzee akakubali. "Ile hatutoake."

Docteur Élise akavuta kiti chake karibu, kama aliyekuwa anangoja zamu. Alieleza kwamba kwa kuwa meno yaliyopotea ni majirani, vis moja nzuri ingeweza kubeba yote mawili: moja limesimama juu yake, la pili limeungwa ubavuni, halina mzizi, linaning'inia. Akachora kwenye karatasi. Papa Zéphirin aliuchukua mchoro, akaugeuza, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, na polepole Glodie akaona mabega ya baba yake yakirudi mahali pake. Mtu wa kazi alikuwa ameonyeshwa kazi.

"Muti moja, na kibao juu yake, inatokea upande moja," akasema. "Tunafanyaka vile pale pembeni ni mubaya kusimamisha muti. Inashika. Mais hauweke muzigo ku mwisho ya kibao."

"Njo ile nilitaka kukuambia!" Docteur akacheka. "Mukate, ndiyo. Bukari ya mahindi, ndiyo. Miwa hapana, na chupa usifungue na meno. Na uningojeye miezi mbili ingine. Bila kijiko."

"Na ile yenye ilitoka?" mzee akauliza. "Munaitupa?"

Aliondoka nayo, imeoshwa, ndani ya kikaratasi. Hakuipeleka nyumbani moja kwa moja. Aliwapitisha depoti ya madini, kwa Placide, mnunuzi aliyekuwa akipima mawe ya wachimbaji kwa metorex, ile mashine yenye umbo la bastola inayoelekezwa kwenye jiwe na kusema ndani yake mna madini gani. Wachimbaji wote wanaiogopa. Gunia ulilolitolea jasho juma zima, inalitazama kidogo tu na kukupa namba ya kukuliza.

"Papa Redio!" Placide akamsalimu. "Uko na mawe?"

Mzee akafungua kikaratasi. Placide akaichungulia vis, akamchungulia mzee.

"Hii umechimba wapi?"

Mzee akaonyesha mdomo wake. Vijana wa depoti wakaangua kicheko, Placide naye akacheka mpaka akafuta macho, lakini akaiweka vis mezani na kuielekezea mashine. Wote wakainama juu ya kioo chake, Glodie mbele yao. Aliona herufi zikijipanga. Ti, karibu yote. Co, sifuri. Cu, sifuri.

"Cobalt zero. Cuivre zero," Placide akatangaza kwa sauti ya kuhurumia wateja. "Papa, sinunue."

"Mara ya kwanza ile mashine inanipa zero na minafurahi," mzee akasema, na wote wakacheka tena, lakini safari hii pamoja naye. Njia nzima Glodie aliwaza juu ya sifuri zile. Shaba na kobalti, vitu ambavyo kwa ajili yake milima yote hii imetobolewa, mfupa wa baba yake haukuwa na haja navyo. Ulitaka chuma kimoja tu, ambacho hapa hakuna anayekichimba. Aliandika hilo kwenye daftari lake la biolojia, pembeni, kwa penseli, amuulize mwalimu.

Miezi miwili ikaenda. Mlinzi alikuwa Shekina. Mkono wa mzee ukipanda karibu na mdomo, hata kwa kujikuna pua, sauti ilitoka pembe yoyote ya nyumba: "Nkambo, mukono!" Na mkono ukashuka. Usiku mzee alilala na mikono chini ya mapaja. Alikula upande mmoja, polepole, kama mtu anayepita chini ya paa bovu. Kuna asubuhi Glodie alimkuta amesimama uani, macho kwenye vilima, na alijua anachofanya: alikuwa anangoja mlima ukae.

Yeye mwenyewe alingoja vilevile, na kungoja kwake kulijaa maswali. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba titani ikigusana na hewa inajivika ngozi nyembamba isiyoonekana, na mfupa hauoni chuma, unaona ile ngozi, na juu ya ngozi ile unaanza kujenga. Alimsomea baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na wakati inajenga, inapiga kelele?" Glodie hakujua. Usiku huo, Shekina akiwa amelala kifuani pake, alijikuta akisikiliza, eti kama mfupa unaojengwa chumba cha pili ungeweza kusikika.

Siku ilipofika docteur aligonga mara moja. Hakuna aliyepumua. Ikaitika, kali na safi, kali kuliko mara ya kwanza. Jumamosi mbili baadaye meno yakaja kutoka Lubumbashi ndani ya kisanduku kidogo, mawili yameshikana, rangi yake imefifishwa kidogo ifanane na ya meno mengine yaliyokunywa chai miaka sitini. Docteur akayakaza, akampa mzee kioo.

Papa Zéphirin alijitazama muda mrefu. Akainua mdomo wa juu, akaushusha.

"Sema kitu, Papa," docteur akamwambia. "Kitu yenye iko na s."

Mzee akameza mate. "Samaki," akasema. Akasikiliza. Hapakuwa na upepo. "Sasa. Sukari. Sabuni. Sephora." Sephora lilikuwa jina la marehemu mkewe, na aliporudia mara ya pili alilisema polepole, silabi moja moja, na Glodie akageukia dirishani.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali, na mzee akaanza. Alianza na Mama Orpha, akimwuliza bei ya samaki, na wametoka Koni au Mwadingusha, na kwa nini siku hizi ni wadogo, na Mama Orpha akabaki mdomo wazi na fungu mkononi. "Redio imepata courant!" akapiga kelele nyuma yao. Kutoka hapo hakuacha tena. Alieleza ni nani alijenga ukuta ule na kwa nini umepinda. Alisimulia siku alipomwona Sephora mara ya kwanza, anashuka kwenye lori la Kapolowe na mfuko wa mihogo kichwani, na jinsi alivyojifanya amepoteza njia katika mji aliozaliwa. Glodie hakuwahi kusikia hiyo. Alitembea kando yake, akiogopa hata kukanyaga kokoto kwa nguvu, kila hadithi ikifungua swali, na kila swali akilimeza ili asimkatize. Katikati, Shekina aliushika mkono wa babu yake, mdomo wake ukifunguka na kufungika. Mara tatu alivuta pumzi ya kuanza. Mara tatu Nkambo alikuwa tayari kwenye hadithi nyingine.

Kwenye geti la nyumba mzee alisimama kidogo atafute ufunguo, na hapo ndipo mtoto akapata nafasi.

"Nkambo," Shekina akasema kwa sauti kubwa, "acha na minye niseme."